Mamangu atapigwa picha ya rangi Alhamisi: nimpe dawa ya kukinga figo?

Bi Mshauri,

Asalaam aleikum. Mimi ni msomaji wako wa Kisauni. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, mchana niko na mamangu. Ana miaka 67, sukari anayo mwaka wa kumi na tatu huu, na presha juu yake. Dawa zake ni metfomini ya sukari na losatani ya presha, na humeza bila kusukumwa.

Tangu mfungo uliopita amekuwa akikonda. Chakula kinamkinai, na mara kwa mara utamwona ameshika ubavu wa kulia. Akapigwa ultrasaundi, wakaona kitu kwenye ini wasichoweza kukisoma sawasawa. Daktari akasema sasa ni CT skani, ile ya kudungwa dawa ya rangi. Tumepewa Alhamisi ijayo, saa tano asubuhi. Damu ilipimwa kwanza: kreatinini 118, na pembeni pameandikwa eGFR 44. Daktari akaitazama ile karatasi, akasema, "Tutaendelea," akaita mgonjwa mwingine. Nami sikuuliza.

Balaa lilianza niliporudi nyumbani. Babake jirani yetu alipigwa picha ya rangi mwaka juzi akiwa mahututi, na haikupita muda akawa anasafishwa damu kwa mashine. Tangu hapo jirani hataki hata kuisikia hiyo rangi. Kakangu aliye Doha ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nane, kwamba tukatae, apigwe picha kavu, isiyo na rangi. Nikaenda kwa kemisti kuuliza. Kijana akanitolea vidonge vikubwa vya kuyeyusha kwenye maji, asetilisisteini ya 600, kutwa mara mbili, siku ya kabla na siku yenyewe. "Hii ndiyo inayokinga figo," akasema. Shilingi 1,900. Nikanunua. Kuna nesi wa mtaani naye, yuko tayari kuja Jumatano usiku kumtundikia dripu mbili kwa 3,000. Ami yeye anasema yote hayo ni kutupa pesa, madafu matatu kwa siku yatasafisha figo. Halati anataka nimpe mama Lasix zilizobaki za marehemu babangu, akojoe rangi yote itoke.

Mama mwenyewe hana habari na haya. Amesema kwa kuwa Alhamisi ameambiwa asile, basi atafunga sunna yake kama kawaida, apate na thawabu. Yeye shida yake ni magoti tu, na hayo akishameza diklofenaki asubuhi na jioni huwa hayamzuii kitu. Tena nilisahau: akila kamba hujaa vipele, na jirani anasema hiyo ni alama kwamba mwili wake haukubali iodini, na rangi ni iodini tupu.

Nimpe vidonge? Nikatae rangi? Usingizi sina.

Binti wa Kisauni

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nikiitafuta rangi kama wewe. Mara ya pili ndipo nikayaona yaliyonishtua, na umeyaandika mwishoni kama mambo ya kupita njia: diklofenaki asubuhi na jioni, na saumu ya Alhamisi. Nitayarudia hayo. Kwanza tuvimalize vidonge, maana pesa imeshatoka.

Usimpe. Havitamdhuru sana, lakini havitamkinga.

Na usimgombeze yule kijana wa kemisti, kwani hata mimi nimekuwa yeye. Kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa hospitalini, na asetilisisteini nimeigawa kwa mikono yangu kwa watu waliokuwa wakienda kupigwa picha za mishipa ya moyo. Namkumbuka mzee mmoja wa kanzu. Nilimyeyushia kidonge kwenye kikombe cha bati, povu likapanda mpaka ukingoni, na harufu ya yai viza ikajaa chumba kizima. Mzee akaziba pua, akapiga bismillahi, akanywa yote bila kupumua. Aliponirudishia kikombe akaniambia, "Dawa inayonuka hivi, lazima inafanya kazi." Nikamwitikia kwa kichwa. Niliamini vivyo hivyo.

Tulikuwa na sababu ya kuamini. Mwaka 2000 madaktari wa Berlin, Ujerumani, walitoa utafiti wa wagonjwa 83 wenye figo dhaifu waliopigwa CT ya rangi. Wote walitiwa maji ya mshipa. Waliopewa na asetilisisteini juu yake, ni asilimia 2 tu yao ambao figo zilitetereka. Ambao hawakupewa, asilimia 21. Dawa yenyewe ni ya kulainisha makohozi, ya siku nyingi, bei yake ndogo. Nani angeikataa? Ikaenea kama moto wa makuti.

Lakini 83 ni abiria wa matatu sita. Huko Brazili wakaja kupima kwa watu 2,308 waliokuwa wakipigwa picha za mishipa, majibu yakatoka mwaka 2011: waliopewa dawa, asilimia 12.7 figo zilitetereka. Ambao hawakupewa, asilimia 12.7. Sare kabisa. Kukabaki watu wa kusema labda kipimo kilikuwa kidogo, labda wagonjwa hawakuwa wabaya vya kutosha. Mwaka 2018 ukatoka utafiti mwingine wa wagonjwa karibu 5,000 wa Marekani, Australia, Nyuzilandi na Malesia, wote wenye figo zilizokwisha kupungua nguvu. Nusu asetilisisteini, nusu kidonge kisicho na kitu. Na papo hapo wakaipima dawa ya pili iliyokuwa na sifa, baikaboneti ya kutia kwenye mshipa, ikilinganishwa na maji ya chumvi ya kawaida. Wakahesabu waliofariki, waliofikia kusafishwa damu na ambao figo zilibaki zimedorora baada ya siku 90. Asetilisisteini haikukishinda kidonge kitupu, wala baikaboneti haikuyashinda maji ya chumvi. (Baikaboneti ni ndugu wa magadi. Naiandika sentensi hii kwa ajili ya msomaji atakayetaka kumkorogea mamake magadi. Usikoroge.)

Za kushusha mafuta, statini, zimeonyesha faida kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo wanaopigwa picha za mishipa. Hiyo ni kesi yao, si ya CT ya ini.

Lasix ya halati ndiyo ningeifungia kabatini leo hii. Wazo lake lina mantiki ya jikoni: sufuria imeshika, mwagia maji mengi uisuuze. Ila Lasix haileti maji, inayatoa yaliyomo. Mwaka 1994 hilo lilipimwa kwa wagonjwa 78 wenye figo dhaifu, wote wakienda kupigwa picha za moyo. Waliotiwa maji ya chumvi peke yake, asilimia 11 figo zilitetereka. Walioongezewa furosemaidi, ambayo ndiyo Lasix yenyewe, asilimia 40. Yaani dawa ya kukinga ndiyo iliyoumiza.

Sasa nesi wa dripu. Wauguzi nawapenda, nimekula nao chai miaka yote, lakini huyu mwambie asije. Huko Maastricht, Uholanzi, waliwachukua wagonjwa 660 wenye eGFR (kipimo cha nguvu ya figo, nitakieleza hapo chini) kati ya 30 na 59, na mamako angeingia humo barabara. Nusu wakatundikiwa maji, nusu wasitundikiwe chochote. Majibu ya mwaka 2017: figo zilitetereka kwa asilimia 2.7 ya waliotundikiwa, na asilimia 2.6 ya wasiotundikiwa. Ila kati ya wale 328 waliotundikiwa, 18 walipata matatizo ya maji yenyewe, wengi wao moyo ukilemewa. Na hao walikuwa hospitalini, wanatazamwa. Mamako atakuwa kitandani kwake Kisauni, saa sita usiku, nesi ameshaenda zake. Dripu ina watu wake, wale ambao eGFR imeshuka chini ya 30, na hutundikiwa hospitali.

Hapo ndipo nije kwenye ile 44, maana naona hukuelezwa. eGFR ni makadirio ya mililita ngapi za damu figo zinachuja kwa dakika. Kijana mzima huwa na 90 kwenda juu. Mamako ana karibu nusu, jambo ambalo kwa mwenye sukari ya miaka kumi na mitatu si ajabu, ingawa alistahili kuambiwa. Mwaka 2020 wataalamu wa picha na wataalamu wa figo wa Marekani walikaa meza moja wakatoa msimamo: hatari inayostahili kinga ni chini ya 30, au figo zilizopata pigo la ghafla siku hizo hizo. Kati ya 30 na 44 daktari hupima mgonjwa kwa mgonjwa. Kwa hiyo daktari wenu aliposema "tutaendelea", sidhani kama alipuuza. Alisoma namba. Kosa lake ni kuisoma namba hiyo tu, bila kuuliza mengine.

Jirani yako simbezi, aliyoyaona ameyaona. Lakini mzee wake alikuwa mahututi, na mtu mahututi figo zake zinapigwa kila upande: presha imeanguka, maambukizi yako kwenye damu, na pengine antibiotiki kali inapita. Rangi ilikuwa hapo tukio lilipotokea, ikakamatwa. Mwaka 2013 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walilinganisha maelfu ya wagonjwa waliopigwa CT ya rangi na wengine wenye hali kama zao waliopigwa kavu, wakakuta figo zilitetereka kwa kiwango kinachokaribiana. Watu wagonjwa huumwa figo hata bila rangi. Sisemi rangi haina lolote kwa figo zilizokwisha kabisa. Kwa mamako, hatari yake ni ndogo.

Picha kavu ya kakako, kwa kidonda cha ini, ni kama kutafuta paka kijivu gizani. Uvimbe na ini lenyewe hutoka rangi moja. Wakishamdunga, mashine hupiga dawa ikiwa bado kwenye mishipa inayopeleka damu, kisha hupiga tena inaporudi kwenye ile mingine, na kila aina ya uvimbe hunywa na kutema dawa kwa namna yake. Kwa hilo ndipo daktari anajua kama ni jambo la kuacha au la kukimbilia. Akipigwa kavu, mtalipa, mtarudi nyumbani na karatasi inayosema "haikuonekana vizuri", na mtaanza upya. Mama anakonda, mwanangu. Hana mwezi wa kupoteza.

Haya, sasa yaliyonishtua.

Figo hupata damu kwa vijishipa vyembamba. Mwili ukikaukiwa, figo zenyewe hutoa kemikali ya kuvipanua vijishipa hivyo ili damu isikatike. Diklofenaki huizuia kemikali hiyo hiyo. Ndivyo inavyotuliza magoti, na ndivyo inavyoziba figo. Ibuprofeni ni hivyo hivyo. Losatani nayo inalegeza mshipa wa upande wa pili wa chujio, kwa hiyo msukumo wa damu unashuka zaidi. Sasa mchukue mama: diklofenaki mara mbili, losatani, hana daku, hana tone la maji tangu alfajiri, joto hili la Mombasa, saa tano ni karatasini tu kwani foleni ya mashine inaweza kumfikisha saa nane. Hapo rangi inakuta figo zimeshabanwa koo. Ikitokea kitu, mtaani kote watasema ni rangi.

Kwa hiyo diklofenaki aiache leo, asingoje Jumatano. Na baada ya picha asiirudie mpaka mzungumze na daktari, kwa kuwa mtu wa eGFR 44 hakupaswa kuimeza kutwa mara mbili hata kama hakuna picha yoyote. Huenda hata hiyo 44 ikapanda kidogo akiiacha. Kuhusu panadoli, muulize daktari kipimo, maana ini ndilo linalochunguzwa. Losatani msiikate wenyewe.

Saumu ni mazungumzo magumu kidogo, nayajua, nina mama wa namna hiyo. Usimwambie "usifunge", atakuona mtoto unayemfunza dini. Mwambie sunna ina Jumatatu nyingine na Alhamisi nyingine, na mgonjwa ana ruhusa hata ya faradhi, sembuse sunna. Kisha piga simu kwenye chumba cha picha uulize neno moja: asile tangu saa ngapi, na maji je? Sehemu nyingi huzuia chakula kwa saa chache na kuruhusu maji, lakini mgonjwa akisikia "usile" huenda akafunga na koo. Wakikubali, anywe gilasi moja kila saa moja au mbili tangu Jumatano mchana, na baada ya picha aendelee mpaka usiku. Mtazame mkojo: ukiwa kama chai ya rangi, bado amekaukiwa. Kama miguu inamvimba au moyo umewahi kuwa na shida, hukuniandikia, basi kiasi cha maji apangiwe na daktari.

Metfomini haiumizi figo. Hofu yake ni kwamba figo zikisimama ghafla, itarundikana mwilini na kuleta asidi. Hospitali nyingi humwambia mwenye figo kama zake aiache siku ya picha na saa 48 baadaye, airudie damu ikishapimwa. Uliza wanafanyaje hapo. Simu hiyo hiyo, mwambie daktari au muuguzi wake hivi: "Mamangu eGFR ni 44, anameza diklofenaki kutwa mara mbili, metfomini na losatani. Tubadilishe nini kabla ya Alhamisi?" Hutapewa jibu la "tutaendelea" kwa swali la namna hiyo.

Kamba usiwaogope. Kinachomwasha ni protini ya kamba mwenyewe, iodini haihusiki, na sote tuna iodini mwilini. Wataje tu pale mapokezini, kama unavyotaja mzio wowote, na hasa kama aliwahi kudungwa rangi zamani akavimba au akakosa pumzi.

Kuna jambo moja hawatamwambia, basi mwambie wewe, faraghani. Dawa ikiingia atahisi joto linapanda kooni, linashuka tumboni, kisha linakaa chini kabisa, na atadhani amejikojolea. Hatakuwa amejikojolea. Mdomoni ataonja kama amelamba sarafu. Vyote hupita ndani ya dakika moja hivi. Nimeona mama wa heshima zake akitoka kwenye mashine analia kwa aibu, kanga ameivuta mpaka usoni, kumbe ni mkavu kabisa na hakuna aliyemtahadharisha. Akianza kuwashwa, kuvimba midomo au kupumua kwa shida, hilo ni jingine, aseme papo hapo akiwa bado kwenye meza; dawa ziko karibu.

Jumamosi, au Jumatatu mkichelewa sana, apimwe tena kreatinini, ile taka ya damuni ambayo figo huitoa, uilinganishe na 118. Ikipanda kidogo msitaharuki, kwa kawaida hurudi chini ndani ya wiki moja au mbili. Akipungukiwa na mkojo, akavimba uso au miguu, akatapika asizuie kitu, au pumzi ikawa fupi, usingoje siku ya kupima, mpeleke.

Vidonge vyako, kama pakiti haijafunguliwa, jaribu kumrudishia kijana. Nazo 3,000 za nesi zitatosha kile kipimo cha Jumamosi na tuktuk ya kwenda na kurudi.

Madafu nimeyaacha mwisho kwa kuwa najua ami atasoma. Ami, dafu ni zuri, nami natoka kulinywa. Lakini lina potasiamu nyingi, na figo zilizopungua nguvu hushindwa kuitoa, tena losatani huizuia isitoke. Potasiamu ikijaa, moyo ndio unaokosa mpangilio. Matatu kwa siku kwa mama, hapana. Yako unywe mwenyewe.